Mzee Lanchester: aliyebuni breki za diski, akafa mfukoni hana kitu

Kwa wale ambao hamjawahi kufika, Tura iko wilaya ya Uyui, kwenye reli ya kati, ukitoka Itigi unakuja Tabora mjini. Enzi za misafara hapa ndipo wapagazi walipokuwa wanashusha pumzi baada ya kuvuka Mgunda Mkali, na akina Burton na Speke walipita mwaka 1857 wakielekea Kaze. Hiyo historia mmeisoma shuleni mpaka mmeichoka, basi leo tuiache. Leo naleta stori ya mzee wa Kiingereza ambaye si mtu wa huku kabisa, lakini karibu kila gari dogo linalopita kwenye lami yetu lina kitu chake ndani.

Jina lake Frederick Lanchester. Wengi hamumjui, na hata mimi sikuwa namjua mpaka siku niliyomshikia tochi mshikaji wangu.

Ilikuwa hivi. Mshikaji (jina namhifadhi) ana Mark II. Zamani barabara ya huku ilikuwa vumbi na mchanga, ukifika kasi ya 60 unajiona dereva wa rali. Halafu ikaja lami ya Nyahua hadi Chaya, kilomita 85 na ushee, na sasa mtu anatoka Tabora hadi Itigi anateleza tu. Gari ni lile lile, injini ni ile ile, breki ni zile zile, ila mguu wa dereva ndio umebadilika. Siku moja jamaa alikuwa anatoka Singida kwa njia ya Igunga na Nzega, gari limejaa watu na mizigo. Kushuka Sekenke akawa nyuma ya lori, anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga tena. Katikati ya mteremko akasikia harufu ya kuungua, na pedeli ikaanza kwenda chini kama anakanyaga godoro. Alipona kwa kupiga gia ndogo na kwa rehema za Mungu. Aliporudi Tura hakulala vizuri kama wiki nzima. Akaamua kununua breki kubwa.

Mzigo ukaja kutoka Dar ukiwa kwenye kiroba: diski mbili kubwa za mbele, kalipa mbili za pistoni nne nne, mabano ya kushikia, pedi mpya na mipira ya breki. Vyote mtumba, isipokuwa pedi na mipira. Fundi hakutafutwa, kazi tukaifanya nyumbani chini ya mwembe. Wakati tunafungua tairi la kwanza akaniuliza kitu hiki alibuni nani. Nikamjibu bila aibu kwamba ni Wajapani. Jioni nikaingia mtandaoni kuhakikisha, nikajiona mjinga.

Lanchester alizaliwa London, mtaa wa Lewisham, tarehe 23 Oktoba 1868. Baba yake alikuwa msanifu wa majengo, mama yake alikuwa akifundisha Kilatini na hesabu. Watoto walikuwa wanane, yeye wa nne. Wakiwa wadogo familia ikahamia Hove, karibu na Brighton, pwani ya kusini ya Uingereza. Shule alisoma, tena nyingi, lakini alipotoka chuo cha sayansi cha South Kensington mwaka 1888 hakuwa na cheti chochote mkononi. Niwaambie tu wale mliofeli mtihani mkadhani dunia imekwisha.

Mwaka 1889 alipata kazi Birmingham kwenye kampuni ya kutengeneza injini za gesi, inaitwa Forward, mshahara pauni moja kwa wiki. Hapa ndipo nilipompenda huyu mzee. Mkataba ulikuwa na kipengele kinachosema chochote atakachokibuni akiwa kazini ni mali ya kampuni. Kijana wa miaka 20, hana cheti, ana njaa ya kazi, akakikata kipengele hicho kwa kalamu ndipo akasaini. Wakakubali! Baadaye akabuni kifaa cha kudhibiti kasi ya injini, na kampuni ikawa inamlipa shilingi 10 za Kiingereza kwa kila injini inayofungwa kifaa hicho. Kabla ya muda mrefu akawa meneja wa karakana. Mwaka 1893 akaacha kazi ili afanye mambo yake, kiti chake akakichukua mdogo wake George.

Mambo yake yalikuwa gari. Muelewe kwamba wakati ule magari ya Ulaya yalikuwa mikokoteni ya farasi iliyoondolewa farasi. Lanchester hakutaka mkokoteni. Alikaa chini akachora kila kitu upya, fremu, springi, usukani, giaboksi, kama vile hajawahi kuona gari lolote. Gari lake la kwanza liliingia barabarani mwanzoni mwa 1896, na wengi wanalihesabu kuwa gari la kwanza la petroli la magurudumu manne lililobuniwa na kutengenezwa lote Uingereza. Wanahistoria wa magari bado wanabishana juu ya hilo, tuwaachie wenyewe. Injini yake ilikuwa na silinda moja na nguvu ya farasi 5. Pikipiki za bodaboda za leo zina zaidi ya hapo.

Desemba 1899 yeye na ndugu zake George na Frank, pamoja na wenye mtaji, wakafungua Lanchester Engine Company pale Birmingham. Magari ya kuuza yakaanza kutoka 1901. Hapo kuna jambo ambalo vijana wa gereji lazima mlijue. Magari ya wakati ule yalikuwa yanapigwa tupa moja moja. Ukivunja kipuri, fundi anakaa anakuchongea kingine mpaka kiingie. Lanchester alikataa. Alitengeneza vipimo na geji za karakana ili kila kipuri kilingane na mwenzake, na kipuri chochote kutoka stoo kiingie kwenye gari lolote la aina hiyo bila kupigwa tupa. Leo ukipiga simu Gerezani, Dar, ukataja namba ya injini na mwaka wa gari, ukaletewa diski kwenye basi ikaingia bila kelele, ujue kuna watu wachache sana walioanza kufikiri hivyo, naye ni mmojawao.

Sasa tuje kwenye breki.

Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kasi ya 100 lina nguvu ya mwendo ambayo, ukisimamisha gari, lazima iende mahali. Haipotei. Breki inaigeuza kuwa joto. Joto la kusimamisha gari hilo mara moja tu linatosha kuchemsha karibu lita mbili za maji kutoka baridi hadi yatokote, na linazalishwa ndani ya sekunde nne au tano kwenye vipande vichache vya chuma. Tena kasi ikiongezeka mara mbili, joto halizidi mara mbili, linazidi mara nne. Kwa hiyo yule aliyekuwa anakwenda 60 kwenye vumbi na sasa anakwenda 120 kwenye lami, breki zake zinabeba mzigo mara nne kila anaposimama. Na kwenye mteremko kama Sekenke au Kitonga hausimami mara moja, unakanyaga dakika kadhaa mfululizo.

Breki za mwanzo wa karne ya 20 zilikuwa za kusikitisha. Kulikuwa na vipande vya mbao vinavyobanwa kwenye tairi kama mkokoteni. Tairi za mpira zilipokuja, mbao zikawa zinazila. Kulikuwa na mikanda inayozungushwa nje ya pipa la chuma kwenye ekseli ya nyuma, ambayo gari likirudi nyuma kwenye mlima mara nyingi ilikataa kushika. Breki za mbele hazikuwepo kwa wengi.

Mwaka 1902 Lanchester akaandikisha hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kitu kingine kabisa. Alichukua sahani nyembamba ya chuma, akaifunga izunguke pamoja na gurudumu la nyuma. Pembeni akaweka taya mbili zinazoibana sahani hiyo kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Basi. Ukiangalia mchoro wake halafu ukaangalia tairi la mbele la IST au Noah au Land Cruiser, utaona ni kitu kile kile. Uzuri wake ni kwamba diski iko nje kwenye upepo, inapoa haraka. Na ikipata joto ikatanuka, haikimbii pedi kama pipa linavyozikimbia shuu zake.

Wakati anachora hivyo, huku kwetu hata reli haikuwepo. Mizigo ya Tabora ilikuwa inakwenda pwani mabegani na vichwani mwa Wanyamwezi, na reli ilifika Tabora mwaka 1912, miaka 10 baadaye.

Basi kama breki ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini haikushika soko? Hapa ndipo penye uchungu. Sehemu za kubana alizivika shaba. Shaba juu ya chuma ilipiga kelele za kutoboa masikio, na barabara za Uingereza wakati ule zilikuwa za vumbi kama za kwetu kabla ya lami, mchanga ukaingia kati, shaba ikaisha upesi. Tatizo la pili lilikuwa nguvu ya mguu. Breki ya pipa ina ujanja mmoja: pipa likizunguka linaivuta shuu na kuibana yenyewe, kwa hiyo dereva anakanyaga kidogo breki inajiongezea. Diski haina msaada huo. Inataka ibanwe kwa nguvu kweli kweli, na mwaka 1902 hapakuwa na mafuta ya breki wala buta ya kusaidia, ni fimbo na nyaya tu. Breki za mafuta zilianza kuingia kwenye magari ya kuuzwa miaka ya 1920. Mwaka huo huo wa 1902 Mfaransa Louis Renault alikuwa ametoa breki ya pipa yenye shuu ndani, imefunikwa, vumbi haliingii vizuri. Dunia ikaenda na Renault kwa miaka 50.

Suala la kelele lilikuja kupata jibu kwa Mwingereza mwingine, Herbert Frood, yule wa Ferodo ambao jina lao mmeliona kwenye maboksi ya pedi. Frood alianza na mikokoteni ya farasi kwenye vilima vya Derbyshire, ambako watu walikuwa wanaweka buti kuukuu kwenye breki za magurudumu. Akatengeneza vitambaa vilivyoshindiliwa na baadaye akatumia asbestosi. Asbestosi ilishika vizuri na ilivumilia joto, ikatawala dunia nzima, mpaka ikajulikana kwamba vumbi lake linaua mapafu. Ndio maana nawaambia vijana wa gereji: msipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Hujui pedi ile ya mtumba ni ya mwaka gani. Loweka kwa maji na sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe.

Kwenye biashara Lanchester hakuwa na bahati. Magari yalisifiwa, oda zilikuwepo, lakini mtaji ulikuwa mdogo na wakurugenzi walikuwa wakivutana naye. Mwaka 1904 kampuni ikafilisika, ikapangwa upya ikaendelea kwa jina la Lanchester Motor Company. Mwandishi Rudyard Kipling alikuwa mmoja wa wateja wa mwanzo, na gari likimharibikia njiani alikuwa anawapelekea akina Lanchester simu za maandishi kuwalalamikia. Mteja msumbufu hakuanza leo. Mwaka 1909 Frederick akachukuliwa na Daimler kuwa mshauri, na taratibu kampuni yake akamwachia George.

Kitu kimoja alichofanya wakati huo kiko kwenye magari yenu hadi leo. Injini za silinda sita zilikuwa zinavunja krankishafti kwa mtikisiko wa kujipinda, naye akabuni kifaa cha kufunga mbele ya krankishafti kinachomeza mtikisiko huo. Ile puli ya mbele yenye mpira katikati ni mjukuu wake. Kingine ni shafti mbili ndogo zinazozunguka kasi mara mbili ya krankishafti ili injini ya silinda nne isitetemeke. Dunia ilizisahau, kisha Mitsubishi wakazirudisha mwaka 1975 wakawa wanazitangaza kwa mbwembwe.

Na hapo sijagusa ndege. Huyu bwana alikuwa anafikiria jinsi bawa linavyobeba ndege angani kabla ndugu wa Wright hawajaruka mwaka 1903. Mwaka 1897 alipeleka makala yake kwa wakubwa wa sayansi London, wakaikataa. Akatoa vitabu viwili, 1907 na 1908. Wajerumani chini ya Ludwig Prandtl ndio walioikamilisha nadharia hiyo kwa hesabu, na leo inaitwa kwa majina yao wote wawili. Mwaka 1916, mwaka ule ule ambao Wabelgiji waliwatoa Wajerumani Tabora, yeye alitoa kitabu kuhusu ndege vitani, na humo akaonyesha kwa hesabu kwamba kwa silaha za kisasa jeshi lenye watu mara mbili lina nguvu mara nne, si mara mbili. Vyuo vya kijeshi bado vinaifundisha. Mimi nilicheka kidogo nilipoisoma, maana ni ile ile mara nne ya breki.

Alioa akiwa na miaka 50, mwaka 1919, mkewe anaitwa Dorothea, hawakupata mtoto. Alikuwa anapenda kuimba, sauti yake ilikuwa nzuri, na aliandika mashairi kwa jina la kujificha. Mwaka 1922 akaingizwa kwenye Royal Society, yaani wale wakubwa wa sayansi. Chuo hakumpa cheti, heshima ikamfuata mwenyewe.

Lakini heshima hailiwi. Miaka ya 1920 alifungua kampuni ya kutengeneza spika za redio na gramafoni, haikumtajirisha. Kazi ya Daimler ikaisha. Mwaka 1931 Lanchester Motor Company nayo ilikuwa imeshanunuliwa, magari yakaendelea kubeba jina lake huku yeye hana hisa ya maana. Akapata ugonjwa wa Parkinson, mikono ikatetemeka, macho yakafifia. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa kuchora hakuweza tena kuchora. Hela ikaisha kiasi kwamba nyumba yake ya Birmingham, aliyoichora mwenyewe, aliendelea kuishi ndani yake kwa msaada wa mfuko wa hisani wa watu wa biashara ya magari. Alifia humo tarehe 8 Machi 1946, akiwa na miaka 77.

Miaka 7 baadaye, Juni 1953, kwenye mashindano ya saa 24 ya Le mans, Ufaransa, timu ya Jaguar kutoka Coventry, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwake, ilikuja na magari yenye breki za diski za Dunlop kwenye magurudumu yote manne. Wapinzani walikuwa na mapipa. Kwenye ule mnyoofu mrefu wa Mulsanne wenye mapipa walikuwa wanalazimika kuachia mafuta mapema, maana breki zilikuwa zinachoka saa baada ya saa. Akina Jaguar walikuwa wanachelewa kukanyaga, wanakanyaga ndani, gari linasimama, na mzunguko unaofuata hivyo hivyo. Wakachukua nafasi ya kwanza na ya pili, na kwa mara ya kwanza mshindi wa Le Mans akapata wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Mwaka 1955 Citroën DS ikatoka kiwandani na diski mbele, na kuanzia hapo mlango ukafunguka. Mafuta ya breki yalikuwepo, buta ilikuwepo, pedi za kuvumilia joto zilikuwepo. Kilichokosekana ni mzee mwenyewe kuona.

Turudi chini ya mwembe.

Kitu cha kwanza tulichogundua ni kwamba rimu za 15 haziingii. Diski ilikuwa na upana wa sentimita 33, na kalipa juu yake, rimu inagonga kabla hata haijafika kwenye studi. Wanaotaka kufanya jambo hili waanze na rimu, ndipo wanunue breki. Sisi tulianza kinyume, gari likakaa kwenye magogo siku nane kusubiri rimu za 17. Nasema magogo, si jeki. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kama ni dakika moja.

Cha pili, kalipa ya zamani ukiifungua usiiache ining'inie kwenye mpira wake. Ifunge na waya kwenye springi. Cha tatu, mafuta ya breki yanakunywa maji kutoka hewani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 230, lakini yakishanywa maji yanaweza kuchemka kwenye 155 tu, na yakichemka ndani ya bomba yanakuwa mvuke, mvuke unabanika, pedeli inakwenda chini. Sekenke ile, nadhani hicho ndicho kilichomkuta jamaa. Mafuta ya kopo lililofunguliwa mwaka juzi likakaa dirishani ni ya kumwaga. Na ukweli ambao wauzaji hawapendi kuusema: kusimama mara moja ghafla, kinachosimamisha gari ni tairi. Kama breki za kiwandani zinaweza kufunga tairi, breki kubwa hazitapunguza umbali kwa mengi. Faida yake ni kwenye mara ya tano, ya kumi, mteremkoni, ambapo ndogo zimeshachoka. Jamaa angeweza kuanza na mafuta mapya na pedi nzuri kwa bei ya chini sana. Nilimwambia. Hakusikia.

Tukafunga kila kitu, tukajaza mafuta, tukatoa hewa kuanzia tairi la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda. Mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nati ya kutolea hewa, anafunga, anaachia. Pedeli laini. Tukarudia. Laini. Tukarudia mara ya tatu, kopo la pili likaisha, pedeli bado godoro. Tukaanza kulaumiana. Mshikaji akataka kuliwasha alijaribu barabarani hivyo hivyo, eti hewa itajitoa yenyewe njiani. Hapo nilichukua funguo nikaziweka mfukoni, tukanuniana.

Kulipopambazuka nilikwenda kukaa chini pale na chai yangu, nikaiangalia ile kalipa kwa muda. Nati ya kutolea hewa ilikuwa inaangalia chini. Hewa hukaa juu, sisi tulikuwa tunaitafuta chini! Tulikuwa tumefunga kalipa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri kabisa, matundu yanalingana, bolti zinakaza, hakuna kinachokuambia umekosea. Tukazibadilisha, nati zikaangalia juu, tukatoa hewa mara moja tu, mapovu yakatoka kama soda. Pedeli ikasimama juu, ngumu kama jiwe.

Jaribio lilifanyika kwenye uwanja wazi asubuhi watoto wakiwa shule, kasi ya mtu anayetembea, kisha 20, kisha 40. Baadaye barabarani tukaziivisha pedi: unakwenda 60, unapunguza hadi 20 bila kusimama, mara kumi, unaendesha taratibu kuzipooza. Tukakaza tena nati za tairi, moja ikakubali robo mzunguko zaidi.

Wiki iliyofuata jamaa alishuka Sekenke na mzigo ule ule. Harufu hakuna. Alipofika chini alisimama pembeni, akaweka kiganja karibu na rimu asiiguse, akakaa hapo kama mtu anayeota moto. Maji hakumwaga, nilishamwonya kwamba diski ya moto ikimwagiwa maji inaweza kupinda au kupasuka.

Rimu za 17 bado anadaiwa.